Nimeosha mvinyo wa mume wangu, lebo zote zimebanduka

Mpendwa Mama Shamsia, shikamoo. Naomba unishike mkono kabla mume wangu hajarudi mwisho wa mwezi, maana nimefanya jambo kwa nia njema na sasa hata chakula hakipiti. Mimi ni Wegesa, naishi Nyamisangura hapa Tarime, nilizaliwa Susuni, na mume wangu Nchagwa alinioa mwaka 1984 akiwa mchimbaji wa dhahabu asiye na kitu, baba yangu akakubali kungoja ng'ombe wa mahari, tukahangaika sana, kwa sababu kila alichopata machimboni kiliishia kwenye gongo. Mwaka 1988 duara, yaani shimo la dhahabu alilokuwa akichimba, lilibomoka yeye akiwa chini, wenzake wakamtafuta mpaka wakakata tamaa wakaanza kuulizana nani atapeleka taarifa kwao, mimi nikagoma kuondoka, nikanyakua koleo nikachimba mwenyewe, wanaume wakaona aibu wakarudi, tukamtoa akiwa hai, namshukuru Mungu mpaka leo. Mwaka 1991 nikamzaa Gati wetu, na mwaka huohuo Nchagwa akapata dhahabu ya maana, tukajenga.

Sasa Mama, kuna mzungu mmoja mtafiti wa miamba ambaye alipokuwa anarudi kwao alimwachia mume wangu chupa za mvinyo wa zamani, akamfundisha kuwa mvinyo mzuri huwekwa miaka, na mtu yule aliyekuwa hawezi kuona chupa bila kuimaliza akachimba stoo chini ya nyumba, akazilaza humo kama watoto, gongo akaacha kabisa, ikifika Krismasi tunakunywa glasi mojamoja basi. Za mzungu zilikwisha, sasa ananunua mwenyewe. Ana za 1988 na za 1991, mwaka wa mvinyo huandikwa kwenye lebo, na sasa amekwenda upande wa Serengeti, hoteli moja ya watalii inafungwa na inauza mvinyo wake, anatafuta wa 1984 tu, wa miaka mingine hataki hata apewe bure, nikimuuliza kwa nini anacheka na kusema, "Wegesa, wewe tulia, stoo ikikamilika utajua."

Nami nikawaza nitamshukuruje mtu huyu aliyenirudishia nyumba yangu, nikashuka stoo, nikakuta vumbi na utando wa buibui, nikatoa chupa zote nikaziloweka kwenye karai la maji ya moto na sabuni ya unga, nikazisugua kwa stili waya mpaka zikang'aa, kugeuka naona lebo zinaelea. Nimezianika kwenye ungo zimekauka, lakini ipi ni ya chupa ipi sijui, chupa zote ni za kijani na zinafanana. Jirani yangu Sabaha mwenye duka anasema, "Koroga uji wa ngano ubandike popote, mwanaume atajuaje?" Nikimwambia ukweli naogopa atavunjika moyo arudie gongo, nikibandika naogopa kumdanganya mtu ninayemshukuru kila siku. Nifanyeje Mama?
Wegesa, Tarime

Marahaba, Wegesa. Kwanza kula, mwanangu, njaa haijawahi kurudisha lebo.

Mimi pombe siinywi, hata harufu yake siijui, lakini najua kwamba kitu ambacho mwanaume amekichimbia shimo hakiguswi bila kumuuliza. Stili waya, mama? Kwenye chupa yenye karatasi? Nimecheka mpaka chai imemwagika, unisamehe.

Sabaha msalimie, ila uji wake ampikie mumewe. Siku Nchagwa atakapogundua ulibandika kwa kubahatisha, na atagundua, hatalia kwa ajili ya mvinyo. Atajiuliza ni mangapi mengine umembandikia. Hilo ndilo la kuogopa, si lebo.

Halafu nashangaa unaniandikia barua ndefu hivi bila kuisoma mwenyewe. Alikuoa mwaka gani? Ulimtoa ardhini mwaka gani? Gati umemzaa mwaka gani? Sasa niambie, mume wako anatafuta mvinyo wa mwaka gani, na wa miaka gani hataki hata apewe bure? Mtu huyo hajazi stoo, anakushukuru wewe. Yeye anakushukuru kwa chupa, wewe ukamshukuru kwa sabuni. Nimepokea barua nyingi za wanawake wa machimboni, wengi wanalia waume walipata dhahabu wakawasahau. Yako nimeisoma mara mbili kwa raha tu.

Kwa hiyo sikiliza. Chupa usiziguse tena, zirudishe zilale kama zilivyokuwa. Lebo zitie kwenye bahasha safi. Akifika mpe maji ya kuoga, ale ashibe, kisha mshuke wote stoo umwambie wewe mwenyewe, kabla hajaona: "Nchagwa, niliziosha ili kukushukuru, nikaharibu. Nisamehe." Usianze kwa kulia wala usimtaje Sabaha. Akikasirika mwache akasirike, ana haki. Gongo aliiacha mwenyewe, haikuachishwa na karatasi, na wewe usimvunjie heshima kwa kudhani ataikimbilia kwa sababu hiyo.

Hasira ikipoa, mwambie mfungue chupa moja, yoyote ile. Ikiwa ya 1988 au ya 1991 haidhuru, miaka yote miwili ulikuwepo. Na ile ya 1984 akikukabidhi, ipokee kwa mikono miwili, sema asante, na usiioshe.