Dawa za Presha za Baba

Chanji, Sumbawanga
Jumapili

Mdogo wangu Faruk,

Asalaam aleikum. Shikamoo yako wifi yangu Munira kanifikishia, marahaba sana. Sisi huku tunakohoa tu kwa baridi hii, vinginevyo wazima. Vipi huko Kaoze, mpunga umeshika? Na wewe mwenyewe, hali?

Nauliza kwa kuwa mkeo kaniambia yote. Amesema kliniki walikukuta na presha ya kutisha, ukameza dawa siku nne, tumbo likakuendesha, ukazitupa. Eti umemwambia dawa za presha ndizo zilizomuua Baba, nawe hutaki kufa kifo kile. Ubishi wako naujua tangu ulipokuwa unatema kwinini nyuma ya mlango. Ningepiga simu, ila ungenikatiza.

Ni kweli dawa zile za kwanza zilimtesa Baba. Wewe ulikuwa na miaka mitano, huwezi kukumbuka vizuri. Mwezi mzima alishinda njia ya chooni, mwenye duka anawaacha wateja na mizani. Ijumaa moja msikitini udhu ulimtenguka mara mbili, akatoka safuni watu wakitazamana. Tangu siku hiyo akawa anasali chumbani, na hilo lilimuumiza kuliko presha. Daktari wangu wa presha amenieleza kwamba dawa kadhaa za zamani zilivuruga tumbo hivyo. Siku hizi moja ikikukataa, unarudi wanakubadilishia. Mimi walinibadilishia mwaka juzi, na sasa nakula hata maharage.

Sasa nisikilize. Baba hakujua kusoma, dawa zake nilizishika mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikamwonea huruma. Ramadhani ilipokaribia nikamwambia hospitali wamesema apumzike kumeza. Hawakusema. Vidonge nikavificha kwenye debe la ulezi. Akasali tarawehe zote safu ya mbele, uso ukinawiri, nami nikajiona nimefanya jambo. Siku ya tatu ya Idi akaanguka dukani, mdomo umepinda. Msibani watu wakasema dawa zimemmaliza, nikanyamaza. Nimenyamaza miaka arobaini na sita, na naona aibu hata kuandika.

Baba alikufa akiwa hajameza kidonge wiki tano, Faruk. Ukitaka kunichukia nichukie, ila rudi kliniki kwanza.

Wasalimie wanao. Munira anarudi na kilo tatu za unga wa ulezi, akupikie uji. Nimeuchekecha mwenyewe, hamna kitu ndani.

Dada yako,
Mwanaheri