Mistari Mitatu mu Ngozi ya Mbuzi

Kasongo, tarehe 4 mwezi wa tatu 2024

Yaya yangu Marcellin,

Nakusalimia mu jina la Bwana Yesu, weye kaka yangu mukubwa, na wifi Régina, na wote wa parcelle, wa kiwanja chenu hapo Kabambare. Mugongo uko namna gani? Na lile sikio? Siye huku tuko wazima kwa neema, ni kikohozi cha mavumbi tu.

Nakuandikia mu karatasi kwa sababu telefone yako unaiwekea sauti kubwa, mambo ya nyumba yetu inasikilizwa mpaka ng'ambo ya barabara. Heri wa pikipiki atakufikishia.

Darlène, binti yangu wa Bukavu, amenitumia mashine ya kukata ngozi. Usicheke. Inafanana na imprimante, ile ya kuchapa karatasi mu ofisi, inakula umeme wa panneau ya jua. Unachora kitu mu telefone, unabandika ngozi mu natte, mukeka wake wenye kunata, unafinya kitufe, basi kisu kidogo kinaanza kutembea chenyewe, kri-kri-kri. Siku ya kwanza niliomba mbele ya kuiwasha. Wamama wa kanisa walikuja kuangalia. Yvette, mumoja wao, akasema, "Emilienne, sasa weye ni patroni! Mashine inatumika kazi, weye unakunywa chai."

Nafanya vifuniko vya Biblia na mikanda ya saa. Lakini ile ngozi ya shingo ya ng'ombe uliyonifundisha kuikata kwa mukono, inaishinda, kisu kinasimama. Inakubali ya mbuzi tu.

Uniambie kazi yako ya sandali inaendaje.

Mudogo wako,
Emilienne


Kabambare, tarehe 22 mwezi wa tano 2024

Mudogo wangu Emilienne,

Amani ya Bwana ikae na weye. Mwili uko aje? Mimi mugongo unaendelea, sikio la kushoto ndilo limekwisha kabisa. Régina anakusalimia, na anaomba kifuniko cha Biblia.

Nilifurahi na mashine yako. Lakini leo moyo unanichoma. Kuko mutu anaiba alama yangu, ile mistari mitatu baba alikuwa anapiga pembeni ya mukanda wa kila sandali, na mimi nikaendelea nayo. Mwezi uliopita muchimbaji mumoja wa dhahabu ya Salamabila alinitupia sandali mbele ya watu. "Muzee, hii ni kiatu ao ni biskwi?" Mukanda umekatika kama biskuti, pale pale penye alama. Nikasema si yangu. Akanionyesha mistari mitatu. Akaja wa pili, wa tatu. Sasa kule sokoni vijana wananiita Papa Biskwi. Tangu baba ameniachia meza ya kazi sijawahi kurudishiwa kiatu.

Nimeangalia vizuri. Alama haikupigwa na chuma, imekatwa mpaka upande wa pili. Na ngozi yenyewe ni ya mbuzi. Nani anajua alama yangu hivyo, kipimo kwa kipimo? Ni Ismaël tu, niliyemufundisha miaka sita, kisha akafungua meza yake mwenyewe. Nilimuhesabu kama mutoto wa nyumba. Weye unaonaje?

Yaya yako,
Marcellin


Kasongo, tarehe 30 mwezi wa tano 2024

Yaya yangu Marcellin,

Salamu nyingi mu Bwana. Pole na sikio. Barua yako nimeisoma, habari ya alama imenihuzunisha. Usimushitaki mutu mbio-mbio, yaya. Tumuachie Mungu, yeye anaona. Naombea jambo hilo.

Kifuniko cha Régina, Heri anacho. Sina mengi, niko na malaria kidogo.

Mudogo wako,
Emilienne


Kabambare, tarehe 19 mwezi wa sita 2024

Mudogo wangu Emilienne,

Salamu. Malaria imeacha? Régina aliingia na kifuniko chako kanisani siku ya Mungu, kila mama akauliza kimetoka wapi. Asante. Na asante sana na maombi yako.

Lakini barua yako ilinikuta nimekwisha sema. Siku ya soko nilienda mpaka kwenye meza ya Ismaël, nikamuita muizi. Akasimama. "Papa Marcellin, wallahi, mikono yangu haijagusa alama yako. Muite shehe, niape juu ya Korani."

Nikamujibu, "Uape juu ya yule mbuzi uliyemuchuna!"

Watu walicheka sana. Yeye hakucheka. Alikusanya vyombo vyake mu gunia kimoja kimoja, nyundo niliyomupa mimi akaiacha juu ya meza, akaenda. Tangu siku ile hakuna mutu anamupelekea hata kandambili ya kushona. Rachida, muke wake, anapita kwetu bila kusalimia.

Nilikuwa na mashaka kidogo, kusema kweli. Lakini ona, tangu nimemusema mbele ya watu, hakuna kiatu kingine cha alama kimeonekana. Djamali mwenye kupitisha bidhaa Salamabila anasema kule vimekwisha. Basi Mungu amejibu maombi yako, nimejua sikukosea.

Yaya yako,
Marcellin


Kasongo, tarehe 2 mwezi wa tisa 2024

Yaya yangu Marcellin,

Nakusalimia, naomba hii ikukute na uzima, weye na Régina. Naomba pia uisome peke yako. Ni miezi miwili na zaidi naianza na kuipasua. Ile malaria niliyokuandikia haikuwa malaria.

Muizi wa alama ni mimi.

Djamali alikuja kuona mashine. Akasema, "Mama, fanya sandali, mimi nitaziuza. Lakini uweke alama ya yaya yako. Kule Salamabila bila mistari mitatu wanasema ni plastiki." Nikamuambia alama ni ya Marcellin. Akasema, "Si mulitoka tumbo moja?" Neno lile likaniingia tamu. Nilitoa sandali ulizonipa kwenye matanga ya mama, nikapiga alama picha, nikaitia mu mashine.

Mashine haijui kupiga alama, yaya. Kila mustari unaouchora, yenyewe inaona ni njia ya kisu. Ilikata yote mitatu mpaka upande wa pili. Mimi nikaona vile vidirisha ni vizuri, nikamuambia Yvette, alama ya baba imevaa nguo mpya. Weye ulinifundisha kwamba alama inapigwa, haikatwi, ili ngozi ibaki nzima chini yake. Nilijua. Na juu ngozi ya shingo inashinda kisu, nikaweka ya mbuzi hata penye mukanda unabeba muguu wa mutu mzima. Hiyo pia nilijua.

Barua yako ya mwezi wa tano ilifika mashine ikiwa inakata. Niliizima, na sijafanya sandali tena hata moja. Nikadhani kuacha kunatosha, nikadhani Mungu atahesabu ile kuacha. Kumbe kuacha kwangu ndiko kumemufunga Ismaël. Viatu vilisimama, weye ukasema ni yeye kweli.

Yaya, kuko jambo linaniuma kupita yote. Ni mimi mwenyewe nilikuandikia mashine inakubali ngozi ya mbuzi tu. Ulisoma. Kisha ukatafuta mu kichwa chako watu wote wanaojua alama, na mimi haukunitafuta.

Kila siku ya Mungu naketi mustari wa mbele na nguo nyeupe ya wamama. Mwezi uliopita walinipa kuongoza sala ya toba. Niliongoza. Sauti haikutetemeka hata kidogo, na ile ndiyo iliniogopesha.

Mupe Ismaël barua hii. Ao uisome sokoni. Sikatazi.

Mudogo wako, kama bado unakubali,
Emilienne


Kabambare, tarehe 15 mwezi wa tisa 2024

Emilienne,

Barua imefika. Niliisoma peke yangu, kisha nikamupa Régina. Alivua kifuniko kwenye Biblia yake, akakiweka juu ya kabati. Si mimi nilimuambia.

Nilienda kwa Ismaël, hayuko. Rachida alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. "Papa, umekuja kumuapisha?" Nikamuambia yote, na jina lako. Hakuacha kutwanga. Kisha akasema, "Ameenda Salamabila tangu mwezi wa saba, anachimba. Mutu wa sindano anashika sururu. Ulimuita muizi mbele ya soko lote, na leo unakuja kunong'ona mu jiko yangu."

Ana haki. Siku ya soko nilisimama kwenye meza yake tupu, nikasema kwa sauti. Mumoja wa vijana akasema, "Kumbe biskwi ni ya dada!" Wakacheka tena. Niliwaacha wacheke.

Usiniandikie mambo ya msamaha kwa sasa. Na mimi niko na wangu wa kuomba.

Marcellin


Kasongo, tarehe 1 mwezi wa kumi 2024

Yaya yangu Marcellin,

Nakusalimia mu Bwana, weye na wifi Régina. Mugongo uko namna gani sasa mvua imeanza? Mimi niko.

Ulifanya vizuri kutaja jina langu. Siku ya Mungu nilisimama kanisani, nikasema yote. Pasteur alitaka niseme kwake tu mu ofisi yake, nikamuomba aniache. Nilipofika kwenye alama kuvaa nguo mpya, Yvette alicheka, kisha akaziba mudomo. Baada ya ibada hakuna mutu alinishika mukono. Nguo nyeupe nimeirudisha. Walisema nikae kwanza, na mimi naona ni sawa.

Heri anakubali kunipeleka mpaka Salamabila. Nilikuwa nimekwisha kufunga muzigo. Nilitaka kwenda shimo kwa shimo nikiulizia Ismaël, nisimame mbele ya wachimbaji wenzake, niseme viatu vibaya vilikuwa vyangu, kisha nimuombe arudi kwenye meza yake. Lakini jana nilijiuliza, kama kule hajamuambia mutu kwa nini aliacha kazi? Kama alienda kujificha pasipo jina lile la muizi, na mimi nafika kulipiga kelele? Hapo nitakuwa nimemuaibisha mara ya pili, na safari hii nikiimba zaburi.

Basi siendi bila neno la nyumba yake. Rachida hawezi kupokea barua yangu, najua. Nakuomba weye umuulize kama niende, ao nikae. Akisema nikae, nitakaa na aibu yangu hapa. Akisema niende, aseme yuko kwenye shimo gani.

Heri atalala Kabambare siku mbili tu. Unijibu mbio, yaya, umupe yeye.

Mudogo wako,
Emilienne