Mzee Aliyenunua Shamba

Columbia Heights, 3 Machi 1996

Kaka Gasto,

Shikamoo. Theluji ingalipo, ila nimeizoea. Kazini kwetu, kwenye nyumba ya wazee, nesi mwenzangu aliniambia kwamba mgonjwa wangu "amenunua shamba". Nikadhani kapata nafuu, nikampongeza mkewe. Mama yule akanishika mkono.

"Binti, amefariki. Ni msemo wa wanajeshi. Nasikia zamani askari akifa, fidia yake iliwanunulia wazazi shamba."

Nilimwomba radhi kwa aibu. Akacheka huku analia, akasema mumewe angefurahi kusikia. Jumamosi nilimsindikiza makaburini.

Kaka, barua yako inasema Baba "amepumzika". Mimi si mtoto. Niandikie waziwazi, nitastahimili.

Mdogo wako akupendaye,
Haika