Mahari Ilikuja na Baiskeli Mpya, Nikairudisha

Jumamosi, jioni. Mvua imekatika sasa hivi na matope yamefika mpaka mlangoni. Mgongo unauma. Mdomo uko sawa.

Leo nataka niandike, kwenye hii shajara ya simu ninayowatumia vijana wa nyumbani, jinsi wakwe zetu watarajiwa wa kule Kwanza walivyonipigia magoti. Jumamosi iliyopita, hapa bomani kwangu, Mzee Kariuki mwenyewe mbele, kofia mkononi, wakiniomba nisiwakasirikie.

Uongo mtupu.

Aliyepiga magoti ni mimi, na nilikuwa natafuta nati ya pedali kwenye mavi ya ng'ombe.

Wacha nianze tena pole pole, maana nikiandika na hasira simu hii inanirekebishia maneno kama mwalimu, na mimi mwalimu tuliachana mapema.

Mjukuu wangu Naliaka anaolewa. Anafundisha watoto wadogo hapa Lugulu, na amepata kijana anaitwa Mwangi, wa nyumba ya wauza mahindi kule Kwanza, ng'ambo ya Kitale. Kijana mzuri. Ana heshima, ana kazi, na hanywi pombe. Hilo la mwisho nimemsamehe.

Sasa, kwa ukoo wetu kuna jambo moja hatuachi. Msichana akiposwa, upande wa kijana unaleta ng'ombe wao, unaleta blanketi la nyanya, na unaleta baiskeli ya babu. Babu anaipanda mbele ya wageni, anazunguka boma, anapita zizini, anapita jikoni, anarudi pale alipoanzia. Akishuka anasema, "Imefika." Hapo ndipo chakula kinatolewa. Asiposema, hakuna mtu anaonja hata chumvi.

Watu wanadhani ni mchezo wa wazee. Si mchezo. Ile baiskeli ni ya kumfuata mtoto. Babu anatakiwa aweze kuamka asubuhi yoyote, bila kuomba ruhusa ya mtu wala mafuta ya mtu, aende mpaka kwa hao wakwe aone kama mtoto wake anakula, kama anapigwa, kama anacheka. Mimi nilimfuata dada yake Naliaka hivyo mpaka kule juu Kapsokwony, nikisukuma kwenye milima kama punda. Nilikuta anacheka. Nilirudi nikilala vizuri.

Kwa hivyo baiskeli isiyoweza kufika Kwanza si mahari. Ni pambo la ukuta.

Na waliniletea pambo.

Ilikuwa mpya, ndani ya nailoni, nyekundu kama gari la zima moto. Ina gia za kuonyesha watu. Ina kibandiko cha simba, kibandiko cha radi, kibandiko cha bendera ambayo sijui ni ya nchi gani. Wanawake wakapiga vigelegele. Mchungaji, ambaye hualikwa kila mahali penye kuku, akaibariki kabisa.

Nikapanda. Nilipofika zizini pedali ya kushoto ikatoka, ikaenda zake. Mguu ukafuata pedali, mimi nikafuata mguu. Gurudumu la mbele likagonga kigingi cha ndama na kujikunja kama chapati. Wageni wote wanatazama, na mimi niko chini, mikono kwenye mavi, natafuta nati.

Nikasimama nikasema mbele ya wote, "Hii sijaikubali. Rudisheni. Mniletee ya mitumba."

Bana! Ungedhani nimemtukana mama ya mtu.

Mzee Kariuki, baba yake Mwangi, aliniangalia kwanza kama hajasikia vizuri. Kisha akasema, taratibu sana, "Mzee mwenzangu, sisi tumekuja kuoa. Nyumba yangu haijawahi kutoa mahari kwa kitu kilichotumiwa na mtu mwingine. Unataka watu waseme Kariuki alileta takataka za wazungu?"

Nikamjibu, "Afadhali takataka za wazungu zinazotembea kuliko mpya yako inayolala na ng'ombe."

Nakubali, ningeweza kunyamaza.

Akavaa kofia, akatoka. Wote wakamfuata. Wageni wakatoka bomani kwangu bila kula, na hiyo kwetu ni kama mlango umefungwa. Mwanangu Wafula, baba ya Naliaka, karani wa serikali, mtu wa kupiga pasi mpaka soksi, alinong'ona tu, "Mzee, umeridhika?" Naliaka aliingia jikoni na hakutoka. Mimi nikala paja la kuku peke yangu, baridi, na hata mbwa alinitazama kwa aibu.

Siku zilizofuata Naliaka hakuniamkia. Ananiwekea chai, anaondoka. Mtu ukiwekewa chai bila matusi ndani ya nyumba hii, ujue uko matatani.

Jumatano Mwangi akaja peke yake na pikipiki, ile baiskeli nyekundu imefungwa nyuma kama mgonjwa. Akasema, "Guka, twende Kitale." Babu kwao ni Guka, kwetu ni Kuka, mimi naitika yote.

Kuhusu pikipiki sitaandika mengi. Ni mashine ya kumfanya mzee aongee na Mungu. Unapakatwa katikati ya kijana na mzigo, upepo unaingia puani, ukisema "pole pole" anasikia "haraka." Ndiyo maana waendesha baiskeli wa zamani wameisha barabarani. Wale vijana waliokuwa wakibeba abiria na miguu yao wenyewe, magoti kama chuma, sasa wamekaa juu ya kelele na wanaota matumbo.

Tulifika kwa yule muuza baiskeli mpya. Jina lake naliacha, nitamwita Bwana Duka. Namjua tangu duka lake limejaa baiskeli nyeusi nzito, zile ukigonga ukuta ukuta ndio unaomba pole. Siku hizo ukinunua, unamrithisha mwanao, na mwanao anamrithisha wake.

Sasa nusu ya duka ni mabeseni. Nusu nyingine ni helmeti za pikipiki. Baiskeli ziko pale nyuma, zimebanana kama zinaogopa kuulizwa swali.

Mwangi akaomba abadilishiwe. Bwana Duka akaangalia fremu akasema, "Nailoni imeshachanika, imeshakuwa yenu."

Nikamwambia, "Wewe unauza rangi. Baiskeli umeiweka ndani tu ili rangi ipate pa kukaa."

"Mzee, usinitukane kwangu."

"Kwako wapi? Hapa ni kwa mabeseni."

Mwangi alinivuta shati. Lakini Bwana Duka akakaa chini kwenye beseni lililopinduliwa, na maneno yakamtoka kama mtu anayetapika. Ati baiskeli zinakuja kwenye boksi vipande vipande, nyepesi kama mabua. Ati akiagiza nzito hakuna anayenunua, watu wanataka bei ya chini na rangi ya juu. Ati mafundi wake wote waliokuwa wakikaza kila nati wameenda kutengeneza pikipiki, kwa hivyo anakaza yeye mwenyewe jioni akiwa amechoka. Ati mitumba imeingia kwa makontena na inammaliza.

Karibu nimhurumie. Kisha nikaona kitu nyuma ya mlango wa stoo.

Baiskeli. Ya kijivu, ya mitumba, imefungwa kwa mnyororo wa nguvu, na koti la Bwana Duka mwenyewe limetundikwa kwenye usukani.

"Hiyo ya nani?" nikauliza.

"Ya mlinzi."

"Na koti?"

Akalivuta koti akalikunja. Mwangi akacheka mpaka akatoka nje.

Unaona ukora wa biashara hii? Mtu anayeniuzia mpya haendi nayo nyumbani kwake. Yeye, mke wake na roho yake wanategemea mtumba. Nilimwambia anipe jibu moja la ukweli: inafika? Akasema, bila kuniangalia, "Inafika kila siku, Mzee." Tukamwachia nyekundu yake aitoe spea, tukaenda kwa watu wa mitumba.

Hapo ndipo penyewe. Kwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko baiskeli zimerundikwa moja juu ya nyingine, zimeandikwa maandishi ambayo hakuna mtu Kitale nzima anayeweza kuyasoma, nyingine bado zina vikapu vya wanawake wa ng'ambo na kengele zao. Zimekwaruzwa, zimefifia, hazibembelezi mtu. Baiskeli iliyotumika haina la kuficha. Kama ingekuwa ya kuvunjika, ingevunjikia kwao.

Mimi sinunui kwa macho. Nilinyanyua mbele nikaiachilia, nikasikiliza kama kuna kitu kinalia ndani. Niligonga fremu kwa ufunguo. Nilizungusha gurudumu nikaweka kidole karibu na rimu. Watu wa mikokoteni wakakusanyika kunitazama, na mimi nikazidi kukunja uso kama daktari. Nikachagua moja nyeusi, fremu nene, karia ya kubeba gunia. Muuzaji akasema, "Mzee, panda ujaribu."

Nikasema, "Mtu anayejua hajaribu."

Shajara, hayo ndiyo maneno ya kijinga zaidi niliyosema mwaka huu, na mwaka huu nimesema mengi.

Sababu ni kwamba niliogopa kuanguka tena mbele ya watu. Basi.

Mwangi akalipa, akaifunga nyuma ya pikipiki, na njiani akasimama pale Kamukuywa, akazima. Nikajua kuna jambo. Akasema baba yake amekubali kurudi Jumamosi, lakini ameapa hakuna kitu kilichotumika kitaingia kwenye mahari yake. "Guka, nitaipiga polishi, nitaizungushia nailoni. Wewe ukiulizwa, sema ni mpya. Tafadhali. Ukinisemea neno hilo, nitakuwa na deni lako."

Mimi, niliyewafukuza watu kwa sababu ya ukweli, niambiwe nisimame mbele ya mchungaji niseme uongo! Nilitaka kumkatalia. Lakini nikakumbuka ile chai isiyo na matusi.

Nikamwambia, "Zungushia nailoni nyingi."

Basi leo wakarudi. Manyunyu yanaanguka, Mzee Kariuki amekaa chini ya turubai, mkono juu ya fimbo. Baiskeli ikaletwa inang'aa, imevishwa kama bibi harusi. Mzee akaizunguka, akaigusa, akaniuliza mbele ya wote, "Hii je? Ni mpya?"

Naliaka alisimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Wafula alifumba macho.

"Mzee mwenzangu," nikasema, "tangu nizaliwe sijaona mpya kama hii."

"Unaona sasa!" akasema. "Pesa nzuri haina matata."

Mwangi aliangalia mawingu. Mchungaji aliangalia jikoni.

Sasa nikatakiwa kupanda. Na hapo, mguu ukiwa hewani, ndipo nilipogundua kwamba mtu aliyekuwa na baiskeli hii kule ng'ambo alikuwa na miguu ya twiga. Kiti kilikuwa kwenye kifua changu. Nilikipanda kutoka kwenye ngazi ya ghala, nikijifanya ndivyo ilivyo desturi. Ikaondoka. Vidole vya miguu vinagusa pedali inapopanda juu tu. Ikishuka chini, mimi na pedali tunaagana.

Lakini ikatembea! Ilipita zizini bila hata kutikisika, ikapita jikoni, ikarudi pale nilipoanzia. Wageni wakasimama wangoje nishuke niseme neno langu.

Sikuweza kushuka. Ardhi ilikuwa mbali.

Nikazunguka tena. Wakashangilia. Nikazunguka tena. Wanawake wakaanza wimbo, wakidhani ni furaha. Mzee Kariuki akapiga makofi akisema, "Mzee ameipenda kabisa!" Mimi napita mbele yake natabasamu meno yote niliyobakiza, na moyoni natukana kila mzungu mrefu aliyewahi kuzaliwa. Nikipita jikoni nikasikia Naliaka anasema kwa sauti ya chini, "Kuka, si ushuke?"

Nikamjibu, "Nishukie wapi?"

Akaelewa. Mara moja akaelewa. Akaweka mwiko mdomoni asicheke, mabega yanatikisika, na machozi yanamtoka. Akamfinyia Mwangi jicho. Kijana akanikimbilia nyuma ya ghala, akaikamata baiskeli kwa karia, na mimi nikashuka kama gunia linaloteremshwa kwenye lori.

Nikarudi mbele kwa miguu, nimeshika usukani kama mfalme. Nikasema, "Imefika."

Wakala. Wakala mpaka wakanyamaza. Mzee Kariuki alinimegea ini la kuku kwa mkono wake. Ng'ombe wako zizini, siku ya harusi imekubaliwa, na jioni hii Naliaka ameniletea chai yenye sukari nyingi na matusi mazuri, ati mimi ni mzee wa sarakasi.

Kwa hivyo Mwangi, najua unasoma hapa, na baba yako hasomi kwa sababu simu yake ni mulika mwizi, ya tochi na kupiga tu. Neno langu nilikupa mbele ya mchungaji. Sasa lipa deni lako: kiti hiki hakishuki, bolti yake imeshikana na kutu ya kwao, na siwezi kuipeleka baiskeli kwa fundi wa hapa sokoni Misikhu maana ataangalia mara moja tu na kesho Misikhu nzima itajua ni ya mitumba. Siku ya kwanza utakayomchukua mjukuu wangu, siku inayofuata mimi niko njiani kuja Kwanza. Njoo na spana kubwa, na mafuta kidogo, uniteremshie kiti.