Wawili Tu, Westport

Jumapili, 4 Mei

Mashati ya wiki yamepigwa pasi. Maharagwe yamechemka, nimeyagawa kwenye vibakuli, yameingia friza. Jana kulikuwa na mechi uwanja wa Ellis Park, hapa Johannesburg, na hadi leo jirani anaokota chupa uani kwake.

Mwezi wa Mei kwenye kalenda ya duka la dawa ni mji mmoja wa Ireland. Daraja la mawe, mto mdogo, nyumba zenye rangi za peremende. Nimeutazama tangu mwezi uanze, kila nikiosha vyombo. Leo nilivaa miwani nikasoma maandishi madogo pale chini: Westport. Nikamwita Mutua aje aone. Nikamwambia Juni tunatimiza miaka ishirini ya ndoa na hatujawahi kwenda popote. Akasema mbona nyumbani Machakos tunakwenda kila mara. Nikamwambia hayo ni matanga, harusi na mahari. Hatujawahi kwenda mahali kutazama tu.

Akasogea karibu na kalenda. Halafu akauliza kama hilo daraja ni la zamani. Mume wangu anafundisha uhandisi chuoni, kule Doornfontein. Kwake swali kama hilo ni ndiyo.

Jumatano, 7 Mei

Likizo yangu imekubaliwa kazini, pale benki. Siku chache mwishoni mwa Juni. Bosi aliuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, naenda kutembea. Akanipongeza kama mtu aliyejifungua.

Mutua amekuwa mtoto. Kila jioni ana habari mpya. Kuna treni ya moja kwa moja kutoka Dublin. Kuna mlima karibu na mji ambao mahujaji wanaupanda, wengine miguu mitupu. Nikamwambia mimi na miguu mitupu tuliachana darasa la tatu. Neema, binti yetu, anayesikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, anasema tunamtia aibu.

Nina furaha. Naiandika hivyo hivyo.

Ijumaa, 16 Mei

Nimeharibu.

Ushirika wetu wa maombi wa Ijumaa ulikuwa kwa Mama Shiko, mwenyekiti wetu. Wakenya wale wale, chai, chapati, Neno, kisha mahitaji ya maombi. Karatasi zetu za viza zimeshapelekwa, roho juu juu. Nikainua mkono. Nikasema mtuombee, mimi na Mutua, tupate viza ya kwenda Ireland.

Na ningepaswa kujua. Mkenya akiomba maombi hapa Joburg anapewa kamati. Hata nyumbani hatujafika, tumesimama kwenye robot, taa za barabarani zikiwa nyekundu, simu ikaanza kulia mkobani. Grupu jipya la WhatsApp: Safari ya Ireland. Lina katibu. Lina mweka hazina. Mweka hazina wa nini?

Mutua aliendesha hadi getini. "Ungeomba kimya kimya," akasema. Basi.

Jumanne, 20 Mei

Amepatikana mtu. Wakenya hawashindwi. Anaitwa Josephine, ndugu wa shemeji wa mmoja wetu, muuguzi kwenye nyumba ya wazee, mji wa pili kutoka Westport. Mama Shiko alinipigia nikiwa kazini, sauti imejaa furaha. Hoteli ya nini wakati kuna nyumba ya mtu? Tutalala kwa Josephine. Na ratiba imeshatoka. Chakula cha mchana kwa familia moja. Kumwona mtoto mchanga wa familia nyingine. Jumamosi ushirika wa Wakenya wa huko, na Mutua ataleta Neno. Mutua, ambaye akisimama mbele ya watu nje ya darasa anatoka jasho mpaka soksi.

Nimekasirika. Na sina haki ya kukasirika. Mama yake Mutua alipofariki, hawa ndio waliolala kwenye makochi yetu, wakapika, wakaosha, wakatupeleka uwanja wa ndege na kubaki na Neema. Utamwambiaje mtu kama huyo aache kukupangia?

Jumamosi, 31 Mei

Mizigo ya kuwapelekea Wakenya wa huko imeanza kuletwa. Unga. Majani ya chai. Mwiko. Nguo za yule mtoto mchanga. Na sufuria, jamani, ile nzito ya kupikia pilau ya harusi, ati za huko ni nyepesi. Iko koridoni. Neema amejigonga nayo mguu.

"Eish, Mama," akasema, na kwa Kiswahili, ndipo nikajua ameumia kweli, "si mseme tu hapana."

Sasa niandike jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilipoiona ile ratiba, kuna sehemu yangu iliyoshusha pumzi. Naogopa. Mimi na Mutua tunaongea vizuri sana. Tunaongea mitihani ya Neema, geti lililokwama, nani ataleta viti Ijumaa. Tukiondoa hayo yote, tukakaa mahali ambapo hakuna anayetuhitaji, tutaambiana nini? Huenda tukakuta hakuna kitu. Naogopa hilo kuliko kunyimwa viza.

Na bado nataka kwenda. Wawili tu, na hofu yangu hiyo hiyo.

Alhamisi, 12 Juni

Viza zimetoka. Zote mbili.

Nimecheza jikoni na aproni yangu. Mutua akaruka ile ngoma ya Kikamba, goti likalia kama mlango, tukacheka hadi tukashikilia friji. Neema ameturekodi. Grupu limejaa mikono ya maombi na ngoma. Katibu ametangaza kwamba tutaagwa Jumapili ya tarehe 22, nyumbani kwetu. Hakutuuliza.

Tulipotulia, Mutua akauliza kama nataka kwenda kulala kwa Josephine. Nikasema hapana. Akasema hata yeye. Kisha akarudi kusahihisha mitihani. Sijui tutafanyaje, lakini kulisikia kumenitosha kwa leo.

Jumapili, 22 Juni

Nitaandika polepole, nisiache kitu.

Sebule ilijaa, wengine walikaa varanda na makoti, baridi kali. Pilau imeliwa. Ratiba ikasomwa, makofi. Mutua akaombwa aseme machache. Akasimama. Nikaona jasho likianza kwenye paji la uso, ndani ya baridi hii. Akashukuru kila mtu kwa jina. Halafu akasema:

"Josephine nimempigia jana. Nimemwambia hatutakuja. Ndugu zangu, sijawahi kwenda popote na huyu mama bila kazi. Nataka kwenda naye. Sisi tu."

Akakaa. Nilitaka ardhi inimeze, na nilitaka kumbusu pale pale mbele ya ushirika, yote kwa pamoja.

Kila mtu alimtazama Mama Shiko. Yeye alitazama kikombe chake. Ni mjane wa miaka mingi, nyumba yake imejaa watu kila siku, na mimi nilikuwa na hakika tumemuumiza.

"Baba Shiko alikuwa akiniahidi Durban," akasema. "Kila Desemba, Durban. Na kila Desemba kuna mtu ameoa." Akaweka kikombe mezani. "Kamati imevunjwa. Leteni hiyo sufuria, nitaitafutia njia nyingine. Na Neema atalala kwangu."

Akaomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kusikia kinywani mwake. Watu wakielekea kwenye magari, nilisikia mama mmoja akimuuliza mumewe yeye ana mpango gani. Mume alikuwa anatafuta funguo kwa bidii sana.

Mama Shiko aliondoka wa mwisho. Alinishika mkono kwa nguvu. Nimelia nikiosha sahani, kilio kizuri. Mutua alizifuta.

Alhamisi, 26 Juni. Westport

Mvua nyepesi. Inaacha, inarudi.

Kwenye treni Mutua alilala begani kwangu, mdomo wazi. Leo tumetembea kando ya mto. Amegusa kila daraja kwa kiganja, kama daktari. Asubuhi hatukuongea sana. Nikaanza kukihesabu kimya kile, nikawa na wasiwasi. Halafu, bila kuulizwa, akanieleza kwamba akiwa darasa la sita alijenga daraja la miti juu ya kijito cha kwao, mvua ikalibeba, akakataa kula siku nzima. Hilo sikuwahi kulisikia. Nami nikamwambia kwa nini huwa sipiti karibu na punda. Hakujua. Alicheka mpaka akakaa kwenye benchi lenye maji, na suruali ikalowa.

Mama mwenye nyumba tuliyopanga ametuletea chai na mkate wa moto. Akauliza tumekuja kumtembelea nani huku kwao. Mutua akaninyooshea kidole mimi, kisha akaomba maziwa zaidi.