Injini Iliyokutwa na Joto

Baba Watoto,

Chai iko kwenye chupa. Anua nguo kabla ya mvua.

Umelala, sikutaka kukuamsha. Nimerudi gatini kuiona tena ile boti yako kuukuu. Asubuhi uliishika injini ukafurahi kuwa ina joto. Mume wangu, muuzaji aliiwasha kabla hatujafika! Injini iliyochoka hulalamika ikiwa baridi. Mimi fundi wa magari nakukonyeza, wewe unampa mkono: "Tumeichukua!" Ndiyo maana nilinuna njia nzima.

Nimempigia muuzaji simu nikamkataza kuigusa, saa hizi imeshapoa, nitaiwasha mwenyewe. ~~Ikitoa moshi, uisahau.~~ Ikitoa moshi, nitaitengeneza.

Usitafute mto wako. Nimebeba yote miwili, nipime kama kile kitanda cha botini kinatutosha.

Mama Watoto