Filimbi Nitaipiga Mwenyewe

Kwako ndugu yangu mdogo Simiyu,

Anayekuandikia ni Barasa, kaka yako, miaka sabini na miwili, na meno bado ninayo mengi. Nimewaona marais wakifukuzwa mmoja mmoja, vita vimepita juu ya kichwa changu, nimezika mke. Kwa hiyo nikisikia umesema nimezeeka kupiga filimbi, nacheka. Sicheki sana.

Mguu wako unaendeleaje? Watoto na ng'ombe je? Mimi mwili upo, ila roho imechachuka kama uji wa juzi.

Umeandika kwamba siku ya kusimamisha msalaba kwenye kaburi la mama, filimbi atapiga mwalimu wa kwaya ya huko, kwa sababu vidole vyangu vimechoka. Tangu lini? Kwetu mzaliwa wa kwanza ndiye humpigia mzazi. Baba alimpigia bibi, mimi nikampigia baba, wewe ulikuwa unanishikia kofia.

Kweli, kidole cha kuonyeshea cha mkono wa kushoto hakikunjiki tangu kibanwe na mlango wa chuma wa lile duka ninalolinda Nakivubo, hapa Kampala. Na katika wimbo wa mama kuna ile noti inayoshuka kidogo, ile ya kilio. Zamani niliitoa kwa kufunga nusu ya tundu la juu. Kidole kinalala, kinaacha upenyo, kama mtu anachungulia mlangoni. Hakuna aliyeniweza kwa hiyo nusu, huko wala huku. Lakini kidole kigumu hakijui nusu.

Basi Jumapili moja kanisani, hapa Wandegeya, nikiupiga wimbo huo, nilipofika kwenye noti ile filimbi ikalia kama mbuzi amekanyagwa. Watu wakacheka. Ibada ilipoisha akaja msimamizi wa kwaya, kijana Mganda, Mukasa.

"Ssebo, bwana mkubwa, hiyo kidole achana nayo. Tundu ya juu acha wazi, funga mbili zinazofuata, puliza pole pole."

"Ya juu wazi, ya chini imefungwa? Wewe uliona wapi mtu anafunga dirisha anaacha mlango?"

"Mzee, jaribu tu."

"Nilipiga hii kabla baba yako hajaota ndevu!"

"Haya, Mzee. Basi Jumapili ijayo utaimba na wazee wa besi."

Besi! Mimi!

Nikarudi chumbani kwangu Old Kampala. Nikashika filimbi nijaribu njia yake, nipate kumwonyesha ni upuuzi. Simiyu, ilitoka. Nikipuliza kwa nguvu inaharibika, nikipuliza taratibu inarudi, laini, kilio chenyewe. Nikakasirika zaidi. Miaka yote natesa kidole, kumbe kidole chenyewe hakitakiwi. Mukasa sijamwambia, na sitamwambia. Naimba besi, tena naimba vibaya makusudi.

Lakini mama hana ugomvi na Mukasa. Yeye nitampigia kwa njia hiyo, na wewe utanyamaza usikilize. Huyo mwalimu wako mpe kiti akae. Msalaba usisimame kabla sijashuka kwenye basi. Mkianza bila mimi nageuka pale pale barabarani, na kwenye mazishi yako usinitafute.

Msalimie shangazi aliyetulea, na shemeji yangu mke wako, aliyekuwa akinipikia vizuri kuliko wewe unavyostahili. Na mkwe wenu seremala mwambie mbao za msalaba aziangalie mchwa.

Ukiona najisifu bure, muulize Nalongo, mama wa mapacha, mwenye nyumba wangu, ukuta mmoja tu kati yetu. Siku ile aligonga ukuta akauliza, "Mzee, nani huyo mgeni anakupigia filimbi vizuri hivyo?" Nikaendelea kupiga. Akaja mwenyewe, akafungua mlango, akanikuta peke yangu.

Ni mimi kaka yako mkubwa, na mkubwa nitabaki,
Barasa